Kuondoa kabisa mfumo wa zamani wa biashara na data zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa wenye maduka ya jumla, wahasibu wa SACCOS, mameneja wa hoteli na mafundi wenzetu. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania na Kenya. Kama una dakika tano tu, soma swali la bakapu. Huko ndiko kazi nyingi za namna hii huharibikia.

## Mambo ya msingi

Kuuzima mfumo na kuuondoa kabisa, tofauti ni nini?

Ukiuzima, watumiaji wamefungiwa, seva haiwaki na leseni hailipiwi tena, lakini data zote zipo pale pale. Umeuondoa kabisa siku ambayo hata ukimkabidhi fundi hodari kompyuta zako zote, flashi zote na nywila zote, hawezi kukutolea jina la mteja hata mmoja kutoka mfumo ule.

Katikati ya hayo mawili pana kazi ambayo watu huiruka: kutoa yale ambayo sheria au biashara inakutaka ubaki nayo, na kuyaweka mahali yanaposomeka bila mfumo wenyewe. Kwa hiyo mpangilio ni huu: toa, zima, subiri, futa. Wateja wetu wengi tunawakuta ama wameanzia mwisho, ama wamekwama hatua ya pili tangu miaka sita iliyopita.

Kama hautumiki, una ubaya gani ukikaa kwenye kona yake?

Hautumiki na wewe. Windows Server 2008 iliacha kupewa viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Januari 2020, Server 2012 ikafuata 10 Oktoba 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya umri huo ikiwa bado imechomekwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta za wahasibu, ni mlango wa nyuma usio na komeo. Kirusi cha WannaCry mwaka 2017 kilienea kwa kupitia tundu la zamani la kushirikisha mafaili ndani ya Windows, na walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka kilichokwisha kutolewa miezi miwili kabla.

Na si wezi peke yao. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva 7 kati ya 8. Ile ya nane ilibaki na kipande cha programu kiitwacho Power Peg, ambacho hakikuwa kimetumika tangu 2003 ila hakuna aliyejishughulisha kukiondoa. Soko lilipofunguliwa kikaamka, kikaanza kununua na kuuza chenyewe. Dakika 45 zilitosha kuipotezea kampuni zaidi ya dola milioni 460. Hiyo ndiyo bei ya "kiache tu, hakimsumbui mtu".

Nimefuta mafaili yote na kumwaga kapu la taka. Si yameshakwenda?

Hayajaenda. Kompyuta huchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Maneno yanabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na hata "format" ya haraka haifanyi zaidi ya hapo. Mtu yeyote aliyewahi kurudishiwa picha za harusi zilizofutwa kwenye memori kadi ameona jambo hili kwa macho yake. Furaha yake ndiyo hasara yako.

Wanafunzi wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha walichokikuta mwaka 2003. Zilizokuwa zikifanya kazi ni 129. Zilizofutwa sawasawa zilikuwa 12.

Nani anatoa ruhusa ya kufuta, fundi au bosi?

Mwenye data, si mwenye bisibisi. Data za mauzo na leja, asaini mkuu wa fedha. Za mishahara, asaini wa rasilimali watu. Fundi anatekeleza na kuandika alichofanya. Sisi hatufuti kwa agizo la simu wala la WhatsApp, hata anayeagiza akiwa ndiye mwenye mali.

## Kabla ya kuzima

Nitajuaje kama bado kuna mtu anautegemea?

Usiulize kwenye kikao. Kikaoni kila mtu ameshahamia mfumo mpya. Nenda ukakae na watu mezani kwao, siku za mwisho wa mwezi, uangalie macho yao yanakwenda wapi.

Kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi tulihakikishiwa kwamba kompyuta ya chini ya kaunta, yenye Windows XP na programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro, haijaguswa mwaka mzima. Lakini kibodi yake haikuwa na vumbi. Tukakaa. Kila alipoingia mteja wa mkopo, mtunza stoo aliinama kidogo, akabonyeza, akasoma, ndipo akasema bati zipo au hazipo. Mfumo mpya ulikuwa na salio la deni. Ule wa zamani ulikuwa na tabia ya mdaiwa: "hulipa baada ya mavuno", "usimpe bila mwanawe kuja". Miaka kumi na miwili ya maelezo ya namna hiyo, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyahamisha kwa sababu hayakuwa kwenye ripoti yoyote. (Maelezo hayo ni taarifa binafsi za watu na yana utata wake; tazama swali la mteja anayeomba afutwe.)

Ukishakaa na watu, angalia kumbukumbu za kuingia za siku 90 au zaidi kama mfumo unazitunza. Kisha ugeuze mfumo uwe wa kusoma tu, bila kuingiza kitu. Wiki kadhaa baadaye chomoa waya wa mtandao bila kufuta chochote, usikilize nani atapiga kelele. Asipopiga mtu, usishangilie mapema: ziko kazi zinazofanyika mara moja kwa mwaka. SACCOS moja ilizima mfumo wake mwezi Machi, kukawa kimya hadi hesabu za gawio. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hisa za mwanzo za wanachama wa zamani zilikuwa kwenye mfumo ule tu. Bahati yao diski ilikuwa ingali kwenye boksi la viatu, haijaguswa. Ushauri wetu ni kuruhusu ufungaji mmoja wa hesabu za mwaka upite kabla ya kufuta.

Nitoe data kwa muundo gani ili zisomeke baadaye?

Muundo usiohitaji mfumo wenyewe. Bakapu inayofunguka kwa programu ile ile unayoiondoa si kumbukumbu, ni fumbo ulilomwekea mrithi wako. Majedwali yatoe kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma. Ankara, hati za mishahara na taarifa za wateja zitoe kama PDF, kwa sababu mkaguzi anataka kuona karatasi ilivyokuwa. Andika pia ukurasa mmoja unaoeleza kila safu ina maana gani; "STAT = 4" leo unaijua, mwaka 2030 hutaijua.

Tahadhari kubwa ni Excel. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, namba ya simu 0754 inabaki 754 bila sifuri yake. Mbaya zaidi ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na Excel huhesabu tarakimu 15 tu kwa usahihi, hivyo tano za mwisho hugeuka sifuri. Ukihifadhi faili baada ya hapo, hakuna wa kukurudishia. Ingiza safu hizo kama maandishi, si namba.

Wenye mifumo ya FoxPro: faili la DBF hufunguka kwa LibreOffice, lakini maelezo marefu hukaa kwenye faili pacha la FPT. Nakili DBF peke yake na yale ya "hulipa baada ya mavuno" yanabaki nyuma.

Ukimaliza kutoa, linganisha. Hesabu ya mistari ifanane, urari wa kila mwaka ufanane, na uchukue ankara kumi ovyo ovyo uzitafute kwenye nakala. Mtu aliyefanya kazi ya kutoa asiwe ndiye anayelinganisha.

Nihifadhi kumbukumbu miaka mingapi?

Hakuna jibu moja kwa mfumo mzima. Jibu liko kwa kila aina ya data.

Za kodi ni angalau miaka 5, kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 upande wa Tanzania na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 upande wa Kenya. Tanzania, hesabu inaanzia mwisho wa mwaka wa mapato ambao nyaraka hizo zinauhusu, si siku risiti ilipotoka. Na neno "zinauhusu" lina uzito: jengo ulilonunua 2012 ambalo bado unalipunguzia thamani kwenye ritani za mwaka huu, nyaraka zake ni za mwaka huu pia. Tumeona watu wakifuta rejesta ya mali za kudumu kwa sababu "ni za zamani".

Maelezo ya ajira ya mfanyakazi hutunzwa miaka 5 baada ya ajira kukoma, nchi zote mbili. Madai ya mkataba yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6, pia nchi zote mbili. Ndiyo maana mawakili wengi hukwambia weka mikataba kwa miaka saba, ule mwaka mmoja wa ziada uwe wa usalama. Benki, bima, hospitali na vyama vya ushirika vina wasimamizi wao wenye masharti ya ziada; muulize msimamizi wako kwa barua ili jibu nalo liwe barua.

Basi si salama zaidi kuhifadhi kila kitu milele?

Hapana, na hili swali tunaulizwa kuliko yote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote zinakutaka usikae na taarifa za mtu kupita muda wa lengo lililokufanya uzichukue. Kampuni ya utalii yenye skani za pasipoti za wapanda mlima wa miaka kumi na tano iliyopita haina hazina, ina mzigo. Na kama inawatafuta wageni wake Ulaya moja kwa moja, sheria ya Ulaya ya GDPR nayo inaweza kuifikia.

Namba tatu za nyuma ya kadi ya benki hazikutakiwa kuhifadhiwa hata siku moja baada ya malipo kuidhinishwa. Ukizikuta kwenye mfumo wa zamani, na tumezikuta, hizo hazisubiri ratiba yoyote.

## Kufuta kwenyewe

Diski ya kawaida inayozunguka inafutwaje, na niandike juu yake mara ngapi?

Mara moja inatosha kwa diski za leo. Ile hadithi ya mara tatu au saba ilitokana na miongozo ya zamani ya jeshi la Marekani na diski za zamani. Mwongozo unaofuatwa zaidi sasa ni wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, namba 800-88. Unagawa kazi ngazi tatu: kusafisha ili programu za kawaida za kurudisha data zisipate kitu, kutakasa ili hata maabara isipate, na kuharibu chombo chenyewe. Ngazi inachaguliwa kwa uzito wa data na kwa kule diski inakokwenda. Ikibaki ofisini kwenye kompyuta nyingine, kusafisha kunatosha. Ikienda kwa mtu baki, panda ngazi.

Kwa vitendo: washa kompyuta kwa flashi yenye ShredOS, programu ya kufutia diski, chagua diski, soma namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number) mara mbili, ndipo uanze. Diski ya TB 1 iliyochomekwa moja kwa moja huchukua kama saa mbili au tatu kwa mzunguko mmoja. Ukiipitisha kwenye kasha la USB 2 ni saa nane, kwa hiyo iache ilale na kazi yake. Programu ya DBAN, ambayo mafundi wengi bado wanayo kwenye CD, haijatolewa toleo jipya tangu 2015 na haifai kabisa kwa SSD, zile diski zisizozunguka zinazohifadhi kwenye chipu.

Seva zenye diski zilizounganishwa kwa RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, zina mtego. Kadi ya RAID huzificha diski na kukuonyesha moja tu, huku ya akiba ikiwa imekaa kimya pembeni na data zake. Toa diski zote, futa moja moja. Uliza pia kuhusu zile zilizowahi kuharibika na kubadilishwa, zilikwenda wapi?

SSD je?

Usitumie njia ya kuandika juu. SSD huhamisha hamisha data ili chipu zisichakae upande mmoja, hivyo unapodhani umeandika juu ya jina la mteja, jina liko kwenye kona ambayo kompyuta haiwezi kukuonyesha. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe, inayopatikana kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya baadhi ya mashine. Sumaku kubwa ya kufutia diski haina kazi hapa, maana SSD haihifadhi kwa sumaku.

Njia nzuri kuliko zote ni ile unayoianza siku ya kwanza: kusimba diski nzima, yaani kuzifanya data zisisomeke bila ufunguo, kwa mfano kwa BitLocker ya Windows, tangu ikiwa tupu. Siku ya kuagana unaharibu ufunguo, na kilichobaki ni kelele. Lakini ufunguo huo nao una nakala: kwenye akaunti ya Microsoft, kwenye karatasi iliyochapishwa, kwenye barua pepe ya fundi aliyeondoka.

Mfumo wetu uko kwenye wingu. Tukiacha kulipa si unajifuta?

Labda, kwa ratiba ya mwenye wingu, si yako. Kwanza toa data ukiwa bado mteja, kwa sababu akaunti ikisimamishwa unaweza kufungiwa nje. Kisha futa kwa mpangilio: hifadhidata, picha za papo (snapshot, nakala za mfumo ulivyokuwa saa fulani), bakapu, na mwisho akaunti. Omba uthibitisho wa maandishi unaotaja na bakapu zao zitaisha lini. Watoa huduma wengine huweka kipindi cha kungoja kwa makusudi. AWS, wingu la Amazon, mathalani, haifuti ufunguo wa usimbaji mpaka zipite siku 7 hadi 30. Weka tarehe kwenye kalenda urudi kuangalia.

Na bakapu?

Hapa ndipo penyewe. Kufuta seva ni kazi ya siku moja. Kujua nakala ziko wapi ni kazi ya wiki tatu.

Kwenye droo ya mhasibu mmoja tulikuta flashi 11 zimefungwa kwa raba bendi. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "bakapu ya mwisho". Nyingine "ya mwisho kabisa". Ya tatu "hii ndiyo". Zote tatu zilikuwa na mishahara ya wafanyakazi wote, bila nenosiri. Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Kwa miaka tisa yeye ndiye peke yake aliyeijali kampuni kiasi cha kuweka bakapu. Kwa hiyo usimwendee mtu wa aina hiyo kama polisi. Mwendee na kikapu, mwambie asante, aweke humo alizonazo.

Andika orodha ya nakala. Sehemu za kutafuta: diski ya nje nyumbani kwa mkurugenzi, barua pepe ambazo watu walijitumia wenyewe, faili la hifadhidata lililowekwa "kwa muda" kwenye kompyuta ya tawini, Google Drive ya kijana wa mazoezi, kompyuta ya mtengeneza programu aliyeomba "data kidogo za kujaribia", DVD za mkaguzi wa nje. Kila mstari uwe na mahali, anayeishika, na tarehe iliyofutwa. Mstari usio na tarehe maana yake kazi haijaisha, hata seva ikiwa imeshasagwa.

Bakapu kubwa zinazoshika mifumo kadhaa pamoja haziwezi kuchokolewa mfumo mmoja utoke. Hizo zifungie, ziandike tarehe ya kufa, na uhakikishe hakuna atakayerudisha mfumo wa zamani kutoka humo kwa bahati mbaya.

Nyundo inatosha?

Kwa diski inayozunguka, toboa sahani zake kwa drili sehemu kadhaa. Diski ndogo za laptopu mara nyingi sahani zake ni za kioo na huvunjika vipande. Vaa miwani. Kwa SSD, lazima kila chipu ivunjike, na nyundo hupenda kuvunja ubao na kuacha chipu nzima. Usichome moto, moshi wake ni sumu na diski huweza kubaki. Anza kwa kufuta kila inapowezekana, nyundo iwe ya pili.

## Vinavyosahaulika

Mashine ya fotokopi ina uhusiano gani na haya?

Nyingi za ofisini zina diski ndani, na hutunza picha za ulichokopi na kuchapisha. Mwaka 2013 bima ya afya ya Affinity ya New York ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa na kumbukumbu za wagonjwa ndani. Kabla mwenye mashine hajaja kuichukua, mwite fundi wake afute diski mbele yako.

Tumeshafuta seva. Kuna miunganisho ya nje ya kufunga?

Ipo, na haionekani kwa macho. Funguo za API (njia ambayo programu mbili huongea zenyewe) za malipo ya simu, SMS kwa wingi na benki zibatilishwe. Kama Paybill yako Kenya imesajiliwa kupitia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, ipeleke taarifa za malipo kwenye anwani ya mfumo wa zamani, ibadilishe kabla ya kuzima, la sivyo wateja watalipa na mfumo mpya hautajua.

Jina la tovuti la mfumo wa zamani usiliachilie haraka. Likiisha muda, iwe ni .co.tz au .co.ke, mtu mwingine anaweza kulisajili, afungue barua pepe kwa jina lile lile, na kuanza kupokea ankara za wauzaji na viungo vya kubadilisha nywila. Ada ya mwaka ni ndogo kuliko usumbufu huo. Lipia miaka michache zaidi likiwa tupu.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi Tanzania, tufute wenyewe?

Msiiguse. Ina kumbukumbu ya kodi iliyofungwa ndani, na taratibu za kuistaafisha ni za mamlaka ya mapato, TRA, na wakala wake aliyeidhinishwa. Wajulisheni kwa maandishi.

## Kuuza, kutupa na ushahidi

Tunaweza kuuza kompyuta za zamani?

Ndiyo, zikishafutwa na kukaguliwa. Kukagua ni kumpa fundi mwingine mashine mbili tatu kati ya kundi ajaribu kurudisha kitu. Kama biashara ni ya afya au fedha, uza kompyuta bila diski. Diski ya zamani ya GB 500 haikupi bei ya kugombea. Zisizouzika hazitupwi jalalani. Tanzania uliza NEMC, baraza la mazingira, kuhusu wakusanyaji wenye kibali cha taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka hizo.

Cheti cha kuharibu data kinapaswa kuwa na nini?

Namba ya utambulisho ya kiwandani ya kila diski, njia iliyotumika, tarehe, mahali, aliyefanya na aliyeshuhudia. Cheti kinachosema "kompyuta 40 zimefutwa" bila namba ni shairi. Linganisha namba hizo na rejesta ya mali zako wewe mwenyewe.

Kazi hii usimpe mwenye gari kwa kuwa tu ana gari. Benki ya Morgan Stanley iliwapa kampuni ya kuhamisha mizigo kazi ya kuondoa diski na seva zake. Vifaa vikauzwa, vingine vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni na data za wateja ndani. Septemba 2022 ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa mamlaka ya dhamana ya Marekani.

## Hali ngumu

Aliyeutengeneza mfumo hapatikani na hakuna anayejua nywila ya msimamizi.

Mara nyingi huhitaji nywila ya programu, unahitaji hifadhidata iliyo chini yake. Mwenye mashine akiwa na haki ya kuingia kwenye Windows, fundi wa hifadhidata huweza kusoma majedwali ya SQL Server au FoxPro moja kwa moja. Fanya kazi kwenye nakala ya diski, siyo diski yenyewe. Programu zinazodai kijiti cha leseni cha USB huwa hivyo hivyo: kijiti hulinda programu, mara chache hulinda data.

Seva imekufa, haiwaki. Si ni sawa na kufutwa?

Iliyokufa kwa kawaida ni pawa saplai au ubao. Diski ni mzima wa afya. Itoe, uisome kwenye mashine nyingine, kisha ufuate swali la diski ya kawaida. Diski yenyewe ikiwa imekufa kweli, haiwezi kuandikwa juu, kwa hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kuharibiwa.

Kuna kesi mahakamani inayogusa data hizo.

Simamisha ufutaji wote unaohusika, hata kama muda wake umefika, hata kama ulishasainiwa. Kufuta ushahidi ukijua kuna shauri ni balaa kubwa kuliko shauri lenyewe. Vivyo hivyo pingamizi la kodi ambalo halijaamuliwa. Yasiyohusika yaendelee na ratiba yake.

Mteja anaomba afutwe wakati mfumo wa zamani bado haujaondolewa.

Mpe jibu la vipande. Kinachodaiwa na sheria ya kodi kinabaki mpaka muda wake uishe, na umweleze hivyo. Yasiyo na sababu ya kubaki yafutwe sasa, usisubiri mradi mzima. Maelezo ya tabia kama yale ya stoo mteja anaweza kuomba kuyaona, kwa hiyo kabla ya kuyahamishia mfumo mpya jiulize kama ungeyasoma kwa sauti mbele yake. Mtunza stoo wetu aliketi jioni mbili akayapitia. "Hulipa baada ya mavuno" lilibaki, likaandikwa kama muda wa malipo. Lile la mwanawe alilifuta bila kutuambia sababu.

Tumegundua diski iliyouzwa haikufutwa.

Itafute uinunue tena leo hii, kabla hujaandika ripoti. Huku mwingine akiitafuta, wewe kaa na orodha ya nakala ujue ilikuwa na taarifa za nani. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua; Tanzania nako ijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Kama bakapu ya mwisho ya diski hiyo bado ipo, hii ndiyo siku moja ambayo hupaswi kuifuta, maana bila yenyewe hutajua cha kuwaambia watu.